Kielelezo A na Meza ya Dirishani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwach! Muhuri wa chuma wa Wakili Hanna bado unalia kichwani mwangu. Aliubonyeza mara moja tu asubuhi, kwenye kiapo cha mtu, na karatasi ya kawaida ikawa kitu cha kuogopwa. Nimeitamani sauti hiyo kutwa. Hata mezani, mbele ya wali.

Hali ni hii. Ofisini imebaki meza moja, ya dirishani. Wanafunzi wa vitendo tuko wawili: mimi, Salwa, na Godwin, anayevaa tai hata akienda kununua maandazi. Wakili Hanna amesema wiki hii tutaonja kila aina ya sheria. Ijumaa kila mmoja ataje aliyoichagua na aeleze kwa nini. Atakayeeleza vizuri atapata meza. Mwingine atarudi kwao. Kwetu ni Kimandolu, si mbali. Aibu ni ileile.

Tumeanza na jinai. Mahakamani nilimtazama mshtakiwa wa wizi wa mbuzi. Macho ya malaika! Nikaandika kwenye daftari: hana hatia. Shahidi alipotaja rangi ya mbuzi, mshtakiwa akamsahihisha.

Jinai si yangu. Naamini watu haraka mno.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi, sheria ya makampuni. Hisa, bodi, usajili. Godwin alijibu kila swali kabla halijaisha. Nikauliza kampuni ikifa huzikwa wapi, na nani hulia. Godwin akacheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli.

Mchana, ndoa. Mama mmoja anataka talaka. Wakili Hanna akatoka kupokea simu, nikabaki na yule mama. Udadisi ukanishinda. Walikutana wapi? Alimpendea nini? Anakoroma? Mama akajibu, akacheka, akalia, kisha akaomba faili lake lisubiri kwanza. Wakili Hanna aliporudi alikuta kiti kitupu. Godwin akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, nimepanga kufukuza wateja wangapi kabla ya Ijumaa.

Jumatano, 11 Juni

Ardhi! Kwa nini hakuna aliyeniambia?

Mteja ni Mzee Aminieli, mkulima wa kahawa na ndizi kutoka Akheri, huko mlimani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akitazama ukuta. Hasira zake zote ziko kwa mdogo wake, Mzee Sifaeli. Mpaka wa vihamba vyao, yale mashamba ya urithi, ni mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, uliopandwa na baba yao. Anadai Sifaeli ameusogeza hatua mbili. Miaka minne hawasalimiani. Kanisani mmoja hukaa kulia, mwingine kushoto.

Nikauliza ushahidi uko wapi. Akasema masale yenyewe yanajua.

Yanajuaje? Ukoo wetu umetoka Tanga na mimi nimekulia mjini. Kwetu mpaka ni ukuta wa tofali, na ukuta haujui kitu. Nimeliwaza hilo mpaka chai ikapoa.

Godwin anasema ardhi ni sheria ya watu wenye mabuti. Amechagua makampuni. Vizuri sana. Kesho nitaomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino, nitapanda Akheri, nitarudi na kielelezo. Meza ni yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Mabuti nimeazima kwa mama. Ukungu. Tope. Bodaboda alinishusha kwenye mgomba wa kwanza akakataa kuendelea.

Nikaupata mpaka. Nikachuma jani moja kwenye mstari wenye ugomvi, nije nililinganishe na masale ya zamani. Lisichanganyike na mengine, nikalipiga fundo katikati. Kielelezo A! Nikalibeba kwa mikono miwili, maana ushahidi huheshimiwa.

Kisha nikaingia kwa Mzee Sifaeli, nimuulize maswali mawili tu. Alikuwa ananoa panga. Akaliona jani. Panga chini. Kofia ikavuliwa. Akauliza nani kanituma. Wazee siwadanganyi, ukiacha habari ya jino. Nikasema natoka upande wa Mzee Aminieli.

Akaketi, akafunika uso. Akamwita mkewe, Mama Elifuraha: njoo uone, kaka ameleta masale! Mama akapiga vigelegele. Nikapewa bakuli la loshoro, mahindi kwa maziwa mgando, nikaambiwa kula, mwanangu, kula. Nikala. Nilijaribu kueleza kwamba lile jani ni mali ya ofisi. Hakuna aliyenisikia. Mzee alikuwa anasema ni kweli, aliusogeza, hatua mbili, na aibu ndiyo iliyomzuia kwenda kwa kaka yake miaka yote. Lakini mtu akikuletea masale yenye fundo utamkatalia msamaha? Wewe ni nani hata ukatae?

Amekiri! Na kalamu nimeiacha nyumbani.

Akatoka na jani, kofia mkononi, kuelekea kwa kaka yake. Mimi nyuma, buti moja limebaki topeni, napiga kelele: mzee, kielelezo changu!

Mzee Aminieli alikuwa mlangoni. Akamwona ndugu yake. Akaliona jani. Akaniona mimi na buti moja. Akafura. Akaniuliza yeye ameomba msamaha lini, na ameniagiza lini.

Mvua ikaanza. Wazee wawili wa mvi, hatua mbili kati yao. Mzee Sifaeli bado ameshika jani.

Mwishowe Mzee Aminieli akamwambia mdogo wake aingie ndani, atalowa.

Mimi hakuniambia. Nikalowa.

Ijumaa, 13 Juni

Wamekuja wote wawili, bega kwa bega, kuondoa shauri. Mzee Aminieli akaniachia mkungu wa ndizi, huku akitazama ukuta.

Walipotoka, Wakili Hanna, ambaye ni Mmeru na anajua kwamba kwao jani la masale lenye fundo ni ombi la msamaha, alinihesabia makosa kwa vidole. Nimedanganya habari ya jino. Nimekwenda kwa mpinzani bila ruhusa. Nimechuma mpaka wa watu. Na nimemwombea mteja msamaha ambao hakuuomba. Nikasema lakini shauri limekwisha. Akasema ndiyo maana nimesimama hapa na siko kwetu. Yule mama wa talaka naye amepiga simu. Amerudi kwa mumewe.

Hukumu: meza ya dirishani ni ya Godwin. Mimi nimepewa kiti kando ya kabati, miezi mitatu, usuluhishi. Sharti moja tu: nisifanye lolote kwa jina la mtu ambaye hajanituma.

Nimelielewa kabisa. Nimelipigia mistari miwili.

Godwin alinikaribisha nije kuangalia nje kupitia dirisha lake. Saa za mapumziko.

Jumamosi, 14 Juni

Wakili Hanna kaniachia ufunguo nipange kabati. Nimepanga. Ndani kuna mashauri tisa, watu wananuniana tu. Na mbele ya ofisi, kando ya ngazi, kuna masale ya mapambo, mengi, hayana kazi.

Nimelitafakari lile sharti kwa makini. Kila faili lina sahihi ya mteja. Sahihi ni nini kama si kumtuma mtu? Sikusoma sheria miaka minne bure.

Sikuona haja ya kusubiri Jumatatu. Majani tisa, mafundo tisa, anwani tisa za wapinzani. Yasionekane ya kienyeji, nikafungua droo ya Wakili Hanna. Kwach! Jani la masale linashika muhuri kuliko karatasi. Kwach! Mara tisa! Bodaboda ameondoka nayo saa nne.

Jani la kumi ni la Godwin kuniomba msamaha. Nimelifunga fundo, nimelibonyeza muhuri, nimejiletea hadi kwenye kiti changu cha kando ya kabati. Nimelipokea kwa mikono miwili. Nimemsamehe.