Kalaptopu ka Risala

"Wametangaza redioni, kompyuta za mfumo wa zamani hazihudumiwi tena. Mwenye nayo ajijue." Bucha ndiye aliyetuletea habari hiyo, aproni ya kazini bado kiunoni, na aliitoa kwa madaha utadhani amezifungia yeye.

Mimi kinyozi. Kiti changu kinatazamana na benchi la kahawa, kwa hiyo soga zote zinanipitia masikioni nitake nisitake.

"Hainihusu," akasema Risala. Jina hilo tulimpa kwa sababu hakuna sherehe mtaani hotuba yake asiiandike yeye. "Leo nanunua kalaptopu kadogo, naweka Linux. Mfumo wa bure."

"Bure? Miaka yote nakata nyama, cha bure nilichowahi kutoa ni mfupa, tena kwa mbwa."

"Ni bure, na kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha," akadakia Waya, fundi redio wa kibanda cha pili.

"Yaani hauna mwenyewe. Ukiharibika nimkabe nani?"

"Hilo benchi ulilokalia mwenyewe nani?" Waya akamuuliza. " Mguu niliupigilia mimi, ubao kaleta kinyozi. Huo msumari unaokuchoma ni wako."

Bucha akasogea kidogo.

Waya alikuwa na laptopu mbili ndogo za kuuza mezani. Moja nyembamba, inang'aa. Nyingine nene, kona zimechubuka.

"Chukua ya kung'aa," Bucha akashauri. "Mtu hutazamwa."

"Hiyo nafasi yake ya ndani ni kiduchu, na huwezi kuongeza chochote, vyote vimegandishwa kwa risasi ya kuchomelea. Hii yenye sura mbaya inafunguka: unabadilisha betri, unaongeza kumbukumbu. Kwani wewe ng'ombe unamchagua kwa ngozi?"

"Mwacheni mwenzenu," Bi Kahawa akasema huku akimimina. "Jumamosi anamwoza binti yake. Anataka kuandika hotuba bila yule dada wa duka la kuchapa kuisoma kwanza."

Hapo hata Bucha alikubali. Hotuba ya mwisho aliyochapa yule dada ilizunguka mtaa mzima, na siku ya sherehe wageni walikuwa wanamalizia sentensi kabla msomaji hajavuta pumzi.

"Usiuziwe mbuzi kwenye gunia," Waya akamwambia Risala. Akachomeka flashi kwenye ile iliyochubuka, akaiwasha. "Linux inatembea ndani ya flashi, mashine yenyewe sijaigusa. Jaribu vitufe, sauti, mtandao. Ukiridhika ndipo niiweke ndani." Akaitwa na mteja, akaondoka.

Risala akajaribu vitufe kwa kuandika hotuba yenyewe. Aliandika mpaka kahawa yake ikapoa, kisha akatusomea.

"Punguza hizo heshima na taadhima," Bucha akamkatiza. "Watu watasinzia."

Alipofika maneno ya kumwambia binti yake, akaisogelea skrini, akasoma polepole. Bi Kahawa akafuta vikombe vilivyokuwa vikavu tayari. Mimi niliguswa, sifichi.

"Haya, na kuzima inazima haraka?" Bucha akauliza.

Risala akaizima kwa maringo. Akaiwasha. Hotuba haikuwepo.

Waya aliporudi akamkuta anabonyeza kila kitu. "Ulihifadhi wapi?"

"Humo humo."

"Humo wapi, kaka? Si nilikwambia tunajaribu? Flashi hii ukizima inasahau yote."

Risala akakaa chini kama mgonjwa. "Nimewaandikia watoto wa watu miaka na miaka. Ya mwanangu ndiyo inapotea."

Tukaanza kumkumbusha. Bi Kahawa alizikumbuka salamu, mimi nikatoa kipande cha wakwe, Waya akawa anahifadhi kila mstari kwenye simu yake. Bucha kazi yake ikawa kukosoa. Lakini maneno ya binti, hakuna aliyeyashika. Risala mwenyewe yalimtoka kabisa, akajifuta uso kwa kiganja.

Bucha akaikazia macho kamba ya aproni yake.

"'Mwanangu, kitanda chako sitamhamishia mtu,'" akasema taratibu. "'Ukija kututembelea, lala kwako. Ukija umechoka na maisha, lala kwako pia. Sitakuuliza.'"

Risala akamtazama, mdomo wazi.

"Andika basi, unaniangalia nini," Bucha akasema. "Wangu anaolewa mwakani. Nilikuwa naikariri nikuibie."