Mwenyekiti wa Daraja la Vijiti

Jumatatu, 3 Novemba

Wiki ya tisa ughaibuni na mdomo wangu bado haujafungika. Leo tumeingia karakana ya chuo kwa mara ya kwanza. Ukutani kila chombo kimechorewa kivuli chake. Nyundo ina kivuli cha nyundo, msumeno una kivuli cha msumeno. Chombo kikiazimwa, kivuli kinabaki kinakisubiri. Na kinarudi! Nimesimama pale nikishangaa mpaka nikasukumwa na waliokuwa nyuma.

Profesa wetu ni bibi mfupi. Dunia nzima ya madaraja inamjua, lakini anakuja kazini kwa baiskeli na mkoba kajibebea mwenyewe. Nilikimbilia kumpokea mkoba, kama mtu aliyelelewa. Hakuelewa. Tukavutana. Alinishinda nguvu.

Katugawa watatu watatu. Kila kundi lijenge daraja kwa vijiti bapa, vile vya aiskrimu, na gundi nyeupe. Libebe kilo ishirini. Linapimwa Jumatatu ijayo. Likivunjika, kundi zima halivuki kutoka darasa hili la maandalizi kuingia mwaka wa kwanza, na sisi wageni tunarudi makwetu. Mimi nilisindikizwa na ukoo mzima. Bibi yangu alikuwa akinitambulisha kwa watu kama Injinia kabla hata sijapanda ndege. Mjomba peke yake ndiye aliyesema tusubiri tuone. Simpi hiyo raha.

Kundi langu: Mrefu, kijana wa hapahapa, anainama kila mlango. Na Kimya, binti kutoka nchi ya mbali kuliko yangu, ambaye tangu tufike hajatoa maneno ya kujaza kijiko. Nimewatazama vizuri. Akili wanazo. Wanachokosa ni uongozi.

Jumanne, 4 Novemba

Kikao cha kwanza. Nimekifungua rasmi. Uchaguzi wa mwenyekiti, mgombea mmoja. Mrefu akauliza mwenyekiti wa nini na tuko watatu. Nikamwambia hata mafiga ni matatu, na moja ndilo linaloongoza mengine. Sijui kama ni kweli, ila Mrefu hajawahi kuona figa.

Kura: mimi ndiyo, Mrefu hapana, Kimya alikuwa anapima kijiti kwa rula. Asiyepinga kakubali. Nimepita kwa kishindo. Nimemteua Mrefu kuwa makamu ili atulie. Kimya nimempa ukatibu mtendaji, kwa kuwa tayari alikuwa anatenda.

Mrefu akatazama saa, akasema tumetumia dakika arobaini na hakuna kijiti kilichogusana na mwenzake. Ndio wivu wa makamu, naujua.

Alhamisi, 6 Novemba

Vikao vitatu hadi sasa. Muhtasari kurasa kumi na moja, mwandiko wa kupendeza. Mrefu anachanganya gundi na kugoma kunyoosha mkono kabla ya kusema.

Kimya anajenga kwa pembetatu, moja juu ya nyingine. Nikatoa hoja kwamba mraba una heshima zaidi. Kimya kaniunganishia mraba wa vijiti vinne, nikaubonyeza, ukalala ubavu. Kisha akanipa pembetatu. Nikabonyeza. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Haikutikisika. Vijiti vitatu tu, vilevile vya kulambia, na vimekuwa kama mwamba. Nani kaviambia visilegee? Nimetembea na ile pembetatu mfukoni siku nzima, kila saa naitoa naibonyeza tena.

Kwenye muhtasari nimeandika kwamba kikao kilipitisha pembetatu baada ya mjadala mrefu.

Jumapili, 9 Novemba

Daraja limekamilika tangu jana. Wenzangu wamepumzika. Mwenyekiti hapumziki.

Nimeandaa uzinduzi. Profesa atakuwa mgeni rasmi. Meza kuu ninayo, ya karakana, na shuka langu ndilo kitambaa chake. Utepe ninao. Neno la shukrani nimeandika kurasa mbili. Kilichonitia aibu ni daraja lenyewe, rangi yake ya vijiti. Mgeni rasmi anazinduaje kitu kisichovalishwa?

Nikamwangukia mlinzi wa karakana, nikamwita baba mara nne, akafungua mlango. Nimepaka rangi ya maji, bluu, mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Linang'aa hilo! Kwenye mkono wa pili niliona limelainika kidogo. Litakauka.

Jumatatu, 10 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Profesa aliulizia maana ya shuka. Nikamweleza. Akakubali, akakata utepe, watu wakapiga makofi. Mpaka hapo sherehe ilikuwa ya kufana. Kisha akaanza kuweka mawe ya mizani. Kilo moja. Kilo mbili. Kwenye ya nne daraja likainama polepole, kwa adabu, kama mtu anayeamkia wakwe. Halikuinuka.

Profesa akachomoa kijiti, akasugua gundi. Imegeuka uji. Akauliza ni nani kapaka rangi ya maji juu ya gundi ya maji. Nikajibu kwamba ulikuwa uamuzi wa kamati.

Hapo Kimya akazungumza. Sauti ndogo, lakini mashine zote zilionekana kunyamaza. Alisema hicho kikao yeye hakuitwa. Alisema nafasi hii ameingoja miaka minne, akiuguza mama yake, akisomea madaraja pembeni ya kitanda. Alisema hana pengine pa kwenda kujaribu. Hakunitazama hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Nikasema ni mimi. Maneno mawili tu, yalitoka kama mwiba unavyotoka.

Profesa akatupa nafasi moja ya mwisho, Ijumaa. Na kila mtu aandike kivyake wenzake wamefanya nini.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku nne. Jumanne Kimya aliniwekea msumeno mdogo mbele yangu, rundo la vijiti, na kijiti kimoja cha kipimo. Nikauliza kama nifungue kikao. Mrefu akaelekeza kidole kwenye rundo.

Thelathini vya kwanza Kimya alivitupa vyote. Vingine vilipungua upana wa ukucha, akavitupa pia. Mrefu akaniambia nisihuzunike, hata wajumbe huondolewa. Kufikia jana nilikuwa nimekata mia mbili na kumi na vinne vilivyokubalika, na vidole vina malengelenge ya kuonyesha watu.

Leo kilo ishirini zikakaa. Thelathini. Arobaini. Mawe yakaisha, daraja liko vilevile. Profesa akayaondoa yote, akavua viatu, akaniomba bega. Akapanda.

Daraja likasema "ti" mara moja, likanyamaza.

Bibi anayejulikana dunia nzima, kasimama na soksi zake juu ya vijiti vya aiskrimu, na chini yake hakuna kitu, hewa tupu. Alikuwa anacheka kama msichana. Mrefu akashika kichwa. Kimya alikuwa analia bila sauti. Mimi nilikuwa natazama vijiti, kimoja kimoja, nikijua kila kimoja kilikatwa na nani. Nilisahau kupiga makofi.

Jumatatu, 17 Novemba

Tumevuka wote watatu. Bibi yangu kapiga kigelegele mpaka simu ikakoroma. Mjomba kasema alijua tangu mwanzo.

Profesa aliniita ofisini, akanionyesha walichoandika wenzangu juu yangu. Mrefu: "Alizungumza." Kimya: "Alikata vijiti mia mbili na kumi na vinne. Vyote ni sawasawa." Nimeusoma huo mstari mara tano. Profesa akaniambia nikautafakari.

Nimeutafakari njia nzima mpaka bwenini. Maana yake iko wazi: kundi likipata kiongozi bora, hata vijiti vinanyooka.

Tatizo ni moja. Muhula ujao kila mwanafunzi atafanya kazi peke yake. Peke yake! Nimeingia chumbani, nikafunga mlango, nikaitisha kikao cha dharura. Waliohudhuria: mimi. Waliotoa udhuru: hakuna. Nimechaguliwa tena bila kupingwa.

Ajenda namba moja: kutafuta mtu wa kufanya kazi.