Yah: Kunyimwa Alama kwa Kusema Kweli Juu ya Vyombo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kituo cha Wazee,

Salamu na heshima zitangulie. Mimi ni Pyo Jeomrye, umri miaka sabini na tisa, mwanafunzi wa darasa la kwanza la kusoma na kuandika. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo uniwie radhi kwa mwandiko. Kwa maneno yaliyomo sikuombi radhi.

Jumanne iliyopita Mwalimu Seon alitupa mtihani wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwa kuchagua maneno kwenye kisanduku. Alama za kupanda darasa la pili ni sitini. Mimi nimepata hamsini na nane. Utotoni kaka zangu walipokwenda shule, mimi nilibebeshwa mdogo wangu mgongoni nikabaki nyumbani. Darasa hilo la pili nimelisubiri miaka sabini, na inaniuma sana kulikosa kwa kosa la kusema kweli. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sentensi ya nne ilisema: "Baada ya kula, baba ____ vyombo." Kwenye kisanduku mlikuwa na huosha, huruka na huvaa. Nikajaza huruka. Mume wangu, Baba Deokjae, akishamaliza supu yake huinuka, akakiruka kimeza chetu kifupi cha kulia sakafuni pamoja na mabakuli yote, akaenda kujinyoosha sakafuni mbele ya televisheni. Kwa miaka hamsini na sita hajaosha hata kijiko. Mwalimu amelikata jibu langu kwa wino mwekundu na kuniambia, "Bibi, hapa tunatafuta neno linalofaa, siyo mambo ya kwako nyumbani." Mambo ya kwangu nyumbani ndiyo ninayoyajua.

2. Mwenzangu wa dawati, Ma Oknam, amejaza huosha, akapewa alama zote na sasa anapanda darasa, mimi nabaki na kiti kitupu ubavuni. Mume wa Oknam alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Kama bado anaosha vyombo, kituo kimwite mpunga mizimu, siyo kumpa mjane cheti. Nilipomwuliza alinicheka: "We Jeomrye nawe! Ungemwoshesha tu huyo mzee wako kwenye karatasi, nani angekuja kuchungulia jikoni kwako?"

3. Sentensi ya sita: "Wanangu ____ kila Jumapili." Nilijaza husahau. Hapa sina la kuongeza.

4. Sentensi ya tisa: "Baba ____ mama." Maneno yalikuwa humsifu, humpika na humfua. Nililitafuta jibu mpaka kengele ikalia, nikaacha nafasi wazi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, niongezewe alama mbili. Ikishindikana, Mwalimu Seon apite nyumba kwa nyumba kuhakikisha kila sentensi kabla ya kuitia kwenye mtihani. Na kama kituo kitashikilia kwamba baba huosha vyombo, basi kituo kitume ofisa mwenye mhuri, pamoja na mwenyekiti wa kijiji awe shahidi, waje wamsimamie Baba Deokjae kwenye sinki asubuhi, mchana na jioni mpaka sentensi iwe ya kweli. Chakula chao nitapika mimi. Vyombo vyao ataosha yeye.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie mpishi wa kituo, dereva wa basi letu, na Mwalimu Seon mwenyewe. Ni binti mzuri; hajaolewa tu, ndiyo maana anatunga sentensi za namna hiyo.

Wako mtiifu, mwenye alama hamsini na nane,
Pyo Jeomrye

Nyongeza: Mwalimu hutuagiza kila tunachoandika tukisome kwa sauti mara tatu, nami nimetii. Mara ya kwanza Baba Deokjae aliongeza sauti ya televisheni. Mara ya pili aliizima. Mara ya tatu aliinuka, akakizunguka kimeza, akakusanya mabakuli, na sasa nasikia maji yanamwagika jikoni. Ameshavunja moja. Anafoka, "Sabuni mnaificha wapi nyumba hii?" Kwa hiyo jibu la mwalimu ni sahihi, na alama zangu zibaki kama zilivyo. Tena naomba nirudie darasa la kwanza mwaka mzima, na mtihani uwe uleule. Sentensi ya tisa bado ina nafasi wazi.