Pipa la Njano Kabla ya Noelene

Jumatatu, 3 Juni
Ushindi unanukia! Alhamisi madiwani wanapiga kura: waichukue programu yangu ya simu, ya kukumbusha siku za taka, iwe ya jiji zima la Hobart, au waiache. Miaka tisa naijenga bure, msimbo wake wazi, yeyote duniani ruksa kuusoma. Waliousoma mpaka leo: mimi, na Mfini mmoja mwenye gubu. Nikishindwa, mke wangu Merilyn kasema narudi kutengeneza mifumo ya mishahara benki. Afadhali nizikwe.

Kikwazo ni Noelene, jirani wa ng'ambo ya barabara. Mtaa hauangalii programu wala kalenda. Unachungulia dirishani: Noelene katoa pipa la mfuniko gani? Njano, la chupa na karatasi, au kijani, la majani na makombo? Wote wanafuata kama kondoo. Hata Merilyn! Nyumbani kwangu!

Jumanne, 4 Juni
Mpango. Wiki hii ni zamu ya kijani, lori linapita kesho. Nitatoa la njano, tena mapema. Mtaa utafuata pipa la kwanza, lori litawapita, watailaani tabia ya kuchungulia, watakimbilia programu. Safi kabisa!

Alasiri nikaliburura. Magurudumu yalipiga kelele hadi kona, vizuri. Kufika jioni: njano, njano, njano. Noelene peke yake kijani. Akanipigia ukelele, we Desmond, uko sawa kweli? Nikamwambia niko buheri wa afya.

Jumatano, 5 Juni
Lori limechukua la Noelene tu! Nilikuwa kibarazani na kahawa, nimeuma mdomo nisicheke.

Diwani Trudi Vanderkley, anayekaa namba tisa, akatoka na nguo za kulalia na buti za mpira. Vichwa vya samaki vimo kwenye pipa lake la kijani, na lori la kijani halirudi hadi wiki mbili zipite. Nikampa pole: ndiyo hasara ya kuzoea kuchungulia pipa la Noelene badala ya programu. Akaniuliza Noelene gani? La Noelene waliliona, wakadhani maskini uzee umemwingia. Lakini mwenye programu, akasema, ni mimi. Fundi mwenyewe akitoa njano, nani abishe?

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Merilyn alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Juni
Kura. Nilivaa tai. Diwani Trudi akasimama kuuliza kama hii ndiyo programu iliyomwachia vichwa vya samaki. Ukumbi hoi kwa kicheko! Nikaruka juu kuitetea: programu ilisema kijani, wala haikukosea, njano nilitoa mimi kwa hiari yangu!

Mwenyekiti akavua miwani, akauliza taratibu: yaani ndugu yangu, hata wewe mwenyewe huifuati?

Imekataliwa. Mikono yote juu kuikataa, hata wa mwandishi wa kumbukumbu, ambaye hana kura.

Ijumaa, 7 Juni
Merilyn kaniandikia ombi la kazi benki. Imebaki sahihi tu, na kalamu kaiweka juu yake.

Ningetia. Ila nimesikia mwezi ujao madiwani wanajadili saa za mbwa kuruhusiwa ufukweni. Hakuna anayezijua, na programu haipo! Wenye mbwa wanamfuata tu kinyozi mmoja mwenye mbwa mweupe. Sasa, akitokea mtu akaingia na mbwa saa iliyokatazwa, wote wakamfuata, wakatozwa faini...

Nimeshaazima mbwa.