Sifuri Kumi na Mbili

Alhamisi, 12 Desemba

Dripu ya tatu imeisha. Nimechoka mpaka kwenye nywele, na nywele zenyewe sina. Utumbo wangu una saratani, mfuko wa koti umejaa vidonge, na leo wameniongezea kishikwambi. Nesi Verica anasema kila asubuhi kitaniuliza maswali kumi na matatu: kichefuchefu, maumivu, usingizi, ganzi, homa na mengineyo. Sifuri maana yake hakuna, kumi maana yake balaa. Nikijibu vibaya sana, taa nyekundu inawaka mezani kwake hospitalini naye ananipigia. Ameniomba niseme ukweli tu. Eti ni kwa faida yangu.

Ukweli! Mtu akisema ukweli analazwa wodini. Na tarehe kumi na tisa ni slava, siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wetu. Watu hawaalikwi, wanakuja wenyewe, na mwenye nyumba husimama kutwa nzima akiwamiminia vinywaji. Nimesimama miaka thelathini na minane. Nikilazwa, atasimama mdogo wangu, Dobrosav. Leo kapiga simu: "Kaka, mwaka huu wewe pumzika. Mimi si nipo?" Jumapili alikuja na futi akaipima ikoni, picha ya Mtakatifu aliyoiacha marehemu baba. Nilipomuuliza, alisema anaangalia tu!

Ijumaa, 13 Desemba

Mpango wa kwanza: sifuri zote. Kumi na mbili, moja chini ya nyingine. Swali la kumi na tatu linauliza ni jambo gani muhimu kwangu wiki hii. Nimeliacha wazi. Mambo ya nyumbani kwangu siyazungumzi na kioo.

Saa tatu nesi kapiga. Anasema hajaona mtu aliyetumia dawa hii akapata sifuri kumi na mbili. Yeye mwenyewe, mzima wa afya, mgongo wake ni nne na usingizi wake sita. Akauliza kama nilikuwa nimevaa miwani. Nikasema sikuvaa. Aibu tupu.

Jumamosi, 14 Desemba

Mpango wa pili, bora zaidi. Ninachohitaji ni majibu ya mtu mzima wa kawaida. Bi Milunka wa ghorofa ya nne ana miaka sabini na mmoja, na juzi kapandisha gunia la kabichi peke yake. Nimemwambia hospitali inafanya utafiti wa majirani. Akavaa miwani, akakaa nusu saa nzima na maswali. Alikuwa anatabasamu!

Kahawa haijapoa, simu inalia, nesi anasoma majibu. Magoti tisa. Usingizi hakuna. Huzuni nane. Mwili kupata moto ghafla, saba. Nesi akashusha sauti, akaniuliza kwa upole kama bado namlilia marehemu mume wangu.

Nikasema najikaza.

Jumatatu, 16 Desemba

Nesi si mjinga. Ameomba namba ya Milunka, na Ijumaa magoti yake yanapigwa picha. Ijumaa hii! Mimi mwenye saratani nilisubiri picha wiki saba.

Milunka kaniletea pai ya malenge kunishukuru. Anasema tangu mumewe afe hakuna mtu aliyemuuliza analalaje. Mimi naishi chini yake na sikuwahi kuuliza. Pai sikuweza kula, mdomo umejaa vidonda. Nimeandika: vidonda, moja.

Jumatano, 18 Desemba

Baridi ya kwenye mifupa tangu alfajiri. Kipimajoto chetu cha zamani kinasema thelathini na nane nukta nne. Cha hospitali kinatuma jibu chenyewe kwenye kishikwambi, hakidanganyiki kwa kalamu. Nimekiweka dirishani: nyuzi sita. Kishikwambi kikasema nipime tena. Nimekichovya kwenye kahawa: hamsini na moja. Nipime tena. Ndipo nikaona beseni la unga uliokandwa karibu na jiko, limefunikwa taulo, unaumuka taratibu. Nikakichomeka humo: thelathini na sita nukta saba! Kijani! Machozi yalinitoka kwa furaha.

Ulikuwa unga wa mkate wa slava. Umekandwa kwa maji aliyoyabariki padri.

Stamenka, mke wangu, kaingia nikiwa nakichomoa. Hakupiga kelele. Tuna miaka arobaini na mmoja ya ndoa, na namwogopa pale tu asipopiga kelele. Akanishika paji la uso. Akachukua kishikwambi, akaandika kwenye lile swali ninaloliacha wazi. Nimelisoma jibu lake ndani ya gari la wagonjwa. Aliandika: "Muhimu kwangu ni huyu mpumbavu aendelee kuishi. Ana homa. Njooni."

Ijumaa, 20 Desemba

Wodini. Slava imepita bila mimi. Daktari anasema chembe nyeupe za damu zilikuwa zimekaribia kwisha na maambukizi yameshaingia kwenye damu. Ningekaa nyumbani mpaka jioni, asingeahidi kitu. Sisi ngano iliyopikwa na sukari tunampa mgeni siku ya slava, na ngano hiyo hiyo tunaipeleka makaburini. Stamenka anasema juzi alipokuwa anaisaga hakujua anasaga kwa ajili ya slava au ya kaburi. Nimegeukia ukutani. Niliogopa sana. Naliandika hilo mara moja tu.

Nesi Verica amekuja kukaa kando ya kitanda. Ningeandika neno moja tu, slava, wangenichoma mapema sindano za kuongeza chembe nyeupe, niweze kusimama siku hiyo. Ndiyo kazi ya lile swali, anasema, kuwaambia mgonjwa anaishi kwa ajili ya nini. Mbona hawakusema? Anasema alisema mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa namuuliza kishikwambi kinazimwaje.

Kisha akaja Dobrosav, amevaa ndara za nyumbani kwenye theluji. Miguu imevimba, haiingii viatuni. Wageni sitini, na hakukaa hata dakika moja. "Kaka, chukua slava yako," kaniambia. "Pona upesi, nakuomba, mimi hii kazi sirudii." Ikoni aliipima ili aninunulie fremu mpya. Akalia. Nami nikalia. Nesi akaja kuuliza kama kuna maumivu.

Jumatatu, 23 Desemba

Nyumbani. Nimemwahidi Stamenka, nimemwahidi nesi, na padri nimemwapia juu ya msalaba: kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Asubuhi hii vidole vina ganzi. Kwa haki kabisa ni nane. Lakini daktari alisema ganzi ikizidi tano nisishike chombo chenye makali wala nisitoke nje kwenye baridi. Na tarehe sita Januari, mkesha wa Krismasi yetu sisi Waorthodoksi, mwenye nyumba anapaswa kukata mwenyewe tawi la mwaloni la sikukuu. Jana Dobrosav katamka, kama mtu anayepita njia tu, kwamba amenoa shoka lake. Amelinoa kwa ajili ya nini?

Nimeandika mbili.

Stamenka kanifunga vifungo vya shati. Nimemwambia vifungo vya siku hizi wanavitengeneza vidogo mno. Akaingia jikoni na kishikwambi, akafunga mlango. Sasa simu inalia. Ni nesi, anauliza habari za vidole.

Kesho nitaamka kabla ya Stamenka, nikifiche kishikwambi kwenye pipa la kabichi.