Lalamiko Juu ya Mgeni Asiye na Mdomo

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Kuchunguzia Nyota,
Mlimani.

Kutoka kijiji cha Zedavani, Kakheti.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu, pamoja na heshima zote anazostahili mtu anayekesha macho juu ili sisi wengine tulale. Naitwa Domenti Gochelashvili. Ni mkulima wa zabibu, lakini hilo halina maana, maana huku kila mtu ni mkulima wa zabibu. La maana ni kwamba mimi ndiye tamada wa kijiji hiki, yaani kiongozi wa meza. Iwe harusi, ubatizo au msiba, mimi ndiye ninayesimama na glasi na kusema neno, na kabla ya neno langu hakuna anayekunywa. Nakuandikia kwa cheo hicho.

Mwezi uliopita mlituletea mtaalamu wenu, Dk. Nutsa Beradze, azungumze nasi katika ukumbi wa kijiji kuhusu namna viumbe wenye akili wa dunia nyingine wanavyoweza kuwa. Sina neno baya juu ya binti huyu. Anaeleza vizuri, hana majivuno, na alikula mikate ya jibini ya mke wangu Lamzira bila kubembelezwa. Tatizo ni kwamba alianza kwa kusema huenda viumbe hao wapo. Huku kwetu, ukiambiwa huenda kuna mgeni, hungoji uthibitisho. Unachinja kwanza, maswali baadaye. Daktari hajafika hata katikati ya maelezo yake, jirani yangu Ilarion alikwishatoka kwenda kumwangalia nguruwe wake, na wanawake wa mtaa wa juu walikuwa wameanza kugombana ni nyumba ya nani yenye magodoro ya kutosha. Daktari akajaribu kutuliza mambo. Akasema wako mbali mno, hata mwanga wao unachukua miaka mingi kutufikia.

Lamzira akamwambia, "Mwanangu, sasa si ndiyo watafika na njaa!"

Hapo ndipo Daktari alipofunua ile picha kubwa, ambayo baadaye alituachia kama zawadi na sasa inaning'inia ukutani. Alisema kuna dunia zinazozunguka jua dogo jekundu, lenye mwanga hafifu, na kwamba kiumbe wa huko ingembidi awe mpana kama shuka na mweusi kama sufuria ya kuni, ili asipoteze hata chembe ya mwanga. Angekuwa na miguu mifupi mingi, kwa sababu dunia yake ni nzito na ingemvuta chini. Angezungumza kwa kubadilisha rangi za ngozi yake. Na angekuwa na akili kutupita sisi sote, pamoja na Ilarion, jambo ambalo halikumshangaza mtu.

Nimemtazama kiumbe huyo kwa makini, Mheshimiwa, asubuhi na jioni, na nina malalamiko yafuatayo.

1. Hana mdomo. Daktari anasema hauhitaji, kwa kuwa anakula mwanga kwa ngozi yake. Sawa, na mimi siingilii mambo ya watu ya tumboni. Lakini mgeni akishaketi, mimi nanyanyua glasi na kusema neno juu yake, juu ya safari yake na watu wake, na yeye anatakiwa kunywa na kujibu. Neno lisilojibiwa limeharibika, ni kama mkate uliotolewa kwenye tanuri ukiwa mbichi. Nitakaa nikimwangalia mpaka lini? Na kuku wa mchuzi wa kokwa za jozi nimpake mgongoni?

2. Hana mikono, na hawezi kusimama. Kuna maneno huku kwetu ambayo mwanamume hayapokei akiwa amekaa, sembuse akiwa amelala chini mwili mzima. Mjomba wangu marehemu alisimama kupokea neno la nchi yake akiwa na mguu uliovunjika, akishikiliwa na mashemeji wawili. Sasa huyu mwenye miguu kama tandu, tena yote mizima, aseme hawezi?

3. Hafi. Hili lilinikosesha raha kuliko nilivyoonyesha siku ile. Daktari alisema kiumbe wa namna hiyo akizeeka huenda akajigawa nusu kwa nusu, na kila nusu ikaendelea kukumbuka yote. Kwa maana hiyo hana baba aliyemzika wala mama anayemlilia. Mheshimiwa, neno la marehemu ndilo nguzo ya meza yetu. Watu waliokuwa wanatukanana kuhusu mpaka wa shamba hulia pamoja wakati huo, kisha hupendana kwa karibu saa nzima. Mgeni asiye na marehemu nitamshika wapi? Hata kama anajua hesabu za mbinguni, sisi na yeye tutazungumza nini?

4. Heshima yangu imeanguka. Nikipita, Ilarion anapaza sauti toka barazani kwake, "Tamada, leo unahutubia shuka gani?" Juzi alinifuata hadi kisimani. "Mzee Domenti, ukikosa wa kukujibu, tutakuanikia blanketi langu uliongeleshe!" Watu wazima wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mke wangu alikuwa miongoni mwao. Nimeongoza meza za kijiji hiki tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, sikuwahi kufananishwa na mtu anayehutubia nguo za kufua.

5. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu, na mengine nimeyatanguliza kwa sababu hili ni zito kuliandika. Nina mdogo wangu wa tumbo moja, Severian. Tulipokuwa tunaimba mezani, yeye ndiye aliyekuwa akishika sauti ya chini, ile inayowabeba wengine. Mwaka jana alifanyiwa operesheni ya koo. Alitoka hai, Mungu ashukuriwe, ila sauti haikurudi, na chakula chake sasa kinapita katika mpira ulioingizwa tumboni. Tangu hapo hajakaa kwenye meza ya mtu yeyote. Alijaribu mara moja, kwangu, na watu wakaanza kutafuna kwa siri, wameinamisha vichwa kama wezi. Akanipiga bega polepole, akaondoka. Jumapili hii anaozesha binti yake wa pekee, Tsiala, katika ukumbi uleule, na amekwishatuonyesha kwa ishara kwamba kanisani atakuja lakini mezani hatakaa.

Tulikuwa tunamsogeza kidogo kidogo. Lamzira alikuwa anazungumza naye, padri pia, na nilianza kuwa na matumaini. Kisha akaja Daktari na picha yake. Aliposema kwamba kiumbe huyu hana mdomo, Severian, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, alianza kucheka. Hana sauti ya kucheka, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Akainyooshea picha kidole, halafu akajinyooshea mwenyewe. Tangu siku ile anakwenda ukumbini kila siku, anakaa mbele ya picha ile kama mtu aliyetembelea ndugu. Nilipomuuliza kuhusu Jumapili, alinionyesha ukuta, kisha akajionyesha yeye: nitundikeni hapo, pembeni yake, sisi wawili tutawatazama. Nilirudi nyumbani na sikula.

Unaona mlichofanya. Sisi tulikuwa tunamvuta aje mezani, ninyi mkamletea mwenzake wa kukaa naye ukutani.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, kiumbe huyo apewe mdomo kabla ya Jumapili. Si lazima uwe mkubwa. Fundi wetu anayepaka rangi picha za watakatifu kanisani amekwishaiangalia picha yenu na anasema nafasi ipo, chini ya lile kunjo la tatu, anasubiri ruhusa yenu tu. Kama sayansi inakataa, basi mtutafutie nyota nyingine yenye watu wanaokula. Nimesikia nyota ni nyingi. Na kama hata hilo haliwezekani, mtamkeni rasmi, kwa mhuri, kwamba kiumbe mwenye akili asiye na mdomo hayupo, hajawahi kuwepo, na wala hawezi kukaribishwa popote.

Nisalimie Dk. Nutsa, na umwambie Lamzira anauliza kama amenenepa kidogo. Wasalimie pia wanaofuta vumbi kwenye darubini, mpishi wenu, mlinzi wa getini na mbwa wake, na yeyote aliye zamu wakati unaisoma barua hii.

Ni mimi, mwenye glasi mkononi na kinyongo kidogo tu moyoni,

Domenti Gochelashvili,
Tamada wa Zedavani.

N.B. Barua hii haikuondoka. Lamzira aliiweka chini ya debe la unga, akasema ataituma akipata nafasi, na sasa harusi imepita. Nakutumia hivyohivyo ili ujue tulikuwa tunafikiri nini.

Tulipotoka kanisani na kufika ukumbini, tulikuta Tsiala ameagiza kiti kiwekwe chini ya ile picha, karibu na dirisha, pale jua la mchana linapoangukia. Mezani palikuwa na glasi iliyojaa na sahani tupu. Severian alipogeuka ili aende nyumbani, bibi harusi alimzuia mlangoni na shela lake lote.

"Baba, kile ni kiti cha yule mgeni wa mbali. Amechelewa. Kwenye harusi yangu kiti cha mgeni hakikai wazi, na hapa anayemfahamu ni wewe peke yako. Nenda ukamwakilishe."

Ilarion akadakia, "Tena chakula chake kipo tayari, Severian, jua limewaka tangu asubuhi!"

Severian alimtazama binti yake, akaitazama picha, akaketi. Safari hii watu walitafuna kwa sauti, kwa kuwa hakuna anayemwonea aibu mwakilishi wa dunia nyingine. Ilipofika zamu ya neno la wazazi, nililisema, kisha nikafanya ambacho tamada hufanya akitaka kumpa mtu heshima kubwa: nilimpitishia neno baba wa bibi harusi alimalizie. Alisimama na glasi yake, akimtazama Tsiala. Uso wake ulikuwa mwekundu, ukawa mweupe, ukawa mwekundu tena. Nikakumbuka maelezo ya Daktari kuhusu rangi za ngozi. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa, na Ilarion ndiye aliyetangulia kulia.

Basi, Mheshimiwa, tafadhali msimwongezee mdomo. Fundi nimemrudisha kwake na brashi zake. Mgeni mwenyewe akija, mleteni moja kwa moja kwetu, ila mtuarifu mapema kama miguu ni mingi kama kwenye picha, tutoe kiti tuweke benchi.