Kitu Inalia Ndani ya Nyumba Yangu

Wenzangu, leo nimeaibika! Uso wangu nimeuacha chini ya kitanda. Mnipe chai kwanza.

Mnajua Saidi, mtoto wangu anayeendesha lori. Jana amerudi kutoka Bujumbura na bafule, spika ya muziki. Si ile ndogo ya redio, hapana! Sanduku ya mbao, kubwa kama kabati, na mdomo mpana kama ungo. Haijui kuimba maneno. Kazi yake ni besi tu. Akaniambia: "Maman, hii ikikaa vizuri, utasikia ngoma mpaka kwenye tumbo." Mimi na tumbo yangu tukafurahi!

Sasa, leo wamama wa mtaa walikuwa wanachagua nani atatunza vyombo ya shughuli: masufuria, masinia, mabirika ya harusi na maulidi. Hiyo kazi nimeitaka tangu zamani. Nikasema, waje kuchagua kwangu! Wakute muziki, wakute mandazi, wasahau majina ya wengine. (Akili hiyo! Na shule sijaiona hata mlango.)

Saa tisa akafika Karekezi, fundi wa redio. Yule anaongea kama anasoma tangazo ya msiba, na kila 'l' kwake ni 'r': "Mama. Besi. Inataka. Kona." Akafunga waya, akawasha. Besi ikatoka kama kuku mwenye mafua. Akasema waya zimepishana: redio inasukuma, bafule inavuta, zinakulana. Akageuza. DUMM! Yewe! Kilemba yangu ikasogea peke yake!

Kumbe bado. Akabeba sanduku, akaiweka juu ya kiti changu, mimi nikasimama. Mtu mzima akapiga magoti, akaanza kutambaa kwenye mkeka, sikio ukutani.

"Fundi, umepoteza sindano?"

"Hapana, Mama. Natafuta pare besi iko nene. Pare ndipo sanduku itakaa."

Akaikuta kwenye kona, karibu na mlango wa chumba yangu. Akaweka vipande vya tairi chini, sanduku juu. Safi.

Wamama wakaingia. Bi Zaina, mkubwa wetu, na pua yake juu kama ananusa mchuzi ya jirani. Na Mwajuma, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Huyu tangu Idi ananiuliza sinia yake ya shaba. Mimi namjibu: "Mwajuma, niliirudisha, niliiegemeza mlangoni kwako." (Sikusema wallahi. Nilisimama hatua moja kabla ya wallahi.)

Muziki ukapigwa. Jamani! Vikombe vinacheza, mabega ya Bi Zaina yanacheza, hata wale wa ofisi za Kimihurura, mbali kule, nafikiri waliweka kalamu chini! Bi Zaina akapiga kelele: "Mwenye nyumba nzuri hivi, si ndiye wa kutunza vyombo?" Wamama wakaitika. Mimi nikainamisha kichwa kidogo, kama bibi harusi.

Hapo Karekezi akainua kidole. "Kitu. Inaria."

Tukasikiliza. Chini ya besi, kweli: dzzzzz.

Akashika kioo ya kabati. Dzzz. Akashika vikombe. Dzzz. Akatoa picha ukutani. Dzzz! Mimi nikaona huyu atamaliza siku. Nikasema: "Ondokeni! Mwenye sikio katika mtaa huu ni mimi!" Nikapiga magoti. Nikatambaa vile vile nilivyomcheka fundi, wamama wote nyuma yangu, mpaka chumbani, mpaka chini ya kitanda. Kichwa ndani, yale mengine yangu nje.

Nikanyoosha mkono. Nikagusa kitambaa. Na ndani ya kitambaa...

Ayi wee! Nikakumbuka.

Nilivyoishika, ikanyamaza. Karekezi akaruka: "Hapo hapo! Mama, toa mkono!" Nikatoa. Dzzzz. "Rudisha!" Kimya. "Toa!" Dzzzz. "Ndiyo yenyewe! Ni nini hiyo, Mama?"

"Ni... ni kitanda, mwanangu! Misumari imezeeka!"

Sauti ya Mwajuma ikatoka mlangoni, pole pole, tamu kama sharubati: "Dada. Hiyo sauti naijua. Hiyo ni kile kiraka nilipigisha kwa fundi, kule Kabeza. Hata kijiko ikianguka juu yake, inalia hivyo hivyo."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Mwajuma akainama pembeni yangu, akaivuta, akafungua kitambaa. Sinia ya shaba, inang'aa. (Nilikuwa naisugua na majivu kila Ijumaa. Sinia nzuri, jamani, mimi nifanye nini?)

Bi Zaina akashusha pua, akaniangalia mimi, akaangalia sinia. "Basi, wamama. Vyombo atatunza Mwajuma. Yeye angalau anajua sauti ya kila kimoja."

Wakaondoka. Mandazi walikula yote.

Akabaki Karekezi. Akawasha tena, akafunga macho, akatabasamu mara ya kwanza tangu azaliwe: "Sasa, Mama. Besi. Safi."

Basi, msicheke, ninawaomba. Na wewe Hadija, unacheka mpaka unajifuta machozi, hebu tuambie: mwavuli yangu iko chini ya kitanda gani?